Nguo Zilizoachwa Mvuani

Nguo za Mama Annonciata zilikuwa bado kwenye kamba, zinanyeshewa. Darlène aliziona tangu barabarani: kitenge cha kanisani, shuka na blauzi ya bluu, zote zinachuruzika maji. Mama yake hakuwa mtu wa kuacha nguo mvuani, hata siku za homa.

Asubuhi ile jirani alikuwa amempigia simu kazini, Lilongwe. Fanya haraka, mama yako amefunga mizigo, anasema vita inakuja. Vita, Dzaleka, kwenye kambi ya wakimbizi! Mahali ambapo ugomvi mkubwa aliowahi kuusikia ulikuwa wa foleni ya bomba.

Kabla hajafika mlangoni alipishana na mzee Balagizi, jirani yao, amepakiwa nyuma ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, na godoro lililokunjwa mapajani. Mzee alimsimamisha dereva, akashuka kwenye tope, akamshika Darlène mikono yote miwili.

"Aksanti, binti yetu. Mungu akulinde kule uko."

Darlène alidhani anashukuru kwa dawa za macho alizomnunulia mjini. "Si kitu, Papa Balagizi. Lakini unaenda wapi na hii mvua?"

Mzee aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaweka kidole mdomoni. Kisha akapanda baiskeli, wakaenda zao.

Kambi ilikuwa kimya, kimya kibaya. Vibanda vya sokoni vimefungwa, na hakuna aliyekuwa akibishana juu ya mpira. Mlango wa Douce, jirani mwingine aliyejifungua juzi juzi tu, ulikuwa umefungwa kwa waya kwa nje. Watu walisema aliondoka kwa miguu kuelekea Mchinji, kwenye mpaka wa Zambia, kichanga mgongoni. Tangu hapo simu yake haipatikani. Darlène aliutazama ule waya, akaongeza mwendo.

Kuna mtu aliyefanya hivi, aliwaza. Mtu asiye na breki mdomoni, aliyeshuka jana kutoka Kivu, kule Kongo, na uvumi wake, au mmoja wa wale wahubiri wanaoona mwisho wa dunia kila Jumapili. Akimpata, angemtia adabu mbele ya watu wote. Na Jumatatu angewatuliza watu yeye mwenyewe. Kazi yake haikuwa mbali na redio: alikuwa akiliandalia shirika moja la mazingira, pale City Centre mjini Lilongwe, vipindi vya Kiswahili vya redio ndogo ya kambi, habari za miti na majiko ya kubana kuni na mvua zilizosahau majira yake. Sauti yake ilijulikana. Wangemsikiliza.

Ndani, Mama Annonciata alikuwa amekaa juu ya furushi, koti mwilini, viatu miguuni.

Darlène hakumwita mwendawazimu. Alijua viatu vile vinatoka wapi. Bukavu, mwaka wa tisini na sita, baba yake Gaspard alikuwa karani katika ofisi ya serikali, na alisikia mambo ambayo hakuruhusiwa kuyatamka. Alimtuma dereva nyumbani na maneno machache: mvua inakuja, anueni nguo. Mama alitoka, akaanua nguo, akazikunja vizuri, akawasha moto apike maharage. Maharage hayajaiva, risasi zikaanza. Walikimbia mikono mitupu. Gaspard hawakumwona tena, na Byamungu, kitinda mimba, walimzika kando ya njia mahali ambapo mama hajawahi kupataja.

"Mama, huku hakuna vita. Hii ni Malawi."

"Sema pole pole." Mama aliinuka akausukuma mlango ukafungika. "Najua hauwezi kusema wazi. Kazi ya mu maofisi ya bakubwa iko hivyo."

"Nitasema wazi! Jumatatu nitaingia mu redio, niambie batu batulie."

"Bakikulazimisha kusema hivyo, sema tu, mwanangu. Sisi tutaelewa."

Darlène alipiga magoti akamshika miguu. Ilikuwa imevimba mpaka kamba za viatu hazifungiki. Kwa miguu ile mama hangefika hata Lilongwe, seuze Zambia; angeanguka njiani na kulala kando ya barabara kama Byamungu. Alilia bila kujificha, na kwa kilio hicho akamchukia yule mtu wa uvumi kuliko alivyowahi kumchukia askari yeyote.

"Mama, niambie jina yake. Nani alikuambia vita inakuja?"

Mama Annonciata alimpangusa machozi kwa pindo la koti. Alikuwa anatabasamu, na uso wake ulijaa fahari.

"Si njo wewe mwenyewe? Kila asubuhi mu redio. Mvua haiko tena ya zamani, nchi inabadilika tabia, joto inapanda, ile ilipata jirani itatufikia, muchukue hatua mbele ya kuchelewa." Aliokota furushi lake akalitua kichwani. "Papa yako alisema mara moja, sikusikia. Mara hii sikuanua nguo."