Jicho la Pili la Mwalimu Kinyonga

Zamani wanyama walipokuwa na shule, mwalimu wao alikuwa Kinyonga, na kwake mwanafunzi mwema ni yule asiyetikisika. Siku moja akamwita Mama Pilika, nguchiro.

"Mama, Pilika hatulii. Mara dirishani, mara chini ya dawati. Kesho tunamfunga mkia kwenye dawati. Samaki mkunje angali mbichi. Hutaki, kaa naye nyumbani."

Mama Pilika akainama akiwaza. Nyumbani mwanawe hujifunza akilizunguka jiko, wala hasahau neno. Lakini nani angemwamini? Alipoinua uso, akaona jicho moja la Kinyonga linamtazama yeye, la pili linamfuata nzi ukutani.

"Samahani, mwalimu. Unanisikiliza?"

"Neno kwa neno, mama."

"Na hilo jicho lililo kwa nzi?"

"Lizoee tu, ndivyo nilivyoumbwa. Nikilizuia, ndipo sisikii kitu."

"Basi mwanangu naye kaumbwa hivyo miguuni."

Kinyonga akabadilika rangi, jambo ambalo kwake si habari. Kesho yake akampa Pilika kazi ya kufuta ubao, na ruhusa ya kujifunza akizunguka.

Hapo ndipo wanyama wakasema Kinyonga amebadilika.