Mashine ya Ijumaa

Hamza aliisukuma kadi ya grafiki kwa kidole mpaka ikakaribia kuanguka kutoka kwenye kaunta.

"Hii peke yake inakula nusu ya bajeti!" alifoka. "Nusu nzima! Prosesa nitanunua kwa mchanga?"

Zubeda hakumtazama. Aliirudisha kadi katikati ya kaunta, akaendelea kusoma maandishi kwenye boksi la pawa saplai. Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, shangazi yake Bi Sikuzani alikuwa ameketi na mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Walikuja pamoja kutoka Tumbi, na shangazi hakuonyesha dalili ya kuchoka.

Duka lilikuwa la Ipyana, pale Kibaha Maili Moja, dogo na lenye joto, feni ikizungusha hewa ileile. Ipyana alishaunganisha kompyuta nyingi za gemu, lakini mteja anayenunua kwa hasira namna hii alikuwa hajamwona.

"Tuchukue kadi iliyotumika," Hamza alisema. "Gemu zinacheza vilevile."

"Iliyotumika sitaki."

"Basi ram tupunguze. Giga nane zinatosha."

"Kumi na sita. Keisi chukua hiyo ya zamani, monita ya mtumba, kibodi yoyote. Taa za rangirangi sitaki. Nimekupunguzia kila kitu, Hamza. Kadi tu ndiyo sipunguzi."

Na kweli alikuwa amepunguza. Hilo ndilo lililomuudhi Hamza zaidi, maana mtu akikuonea waziwazi unaweza kugombana naye vizuri, lakini Zubeda alikuwa na hoja. Hata kwenye gemu alikuwa hivyohivyo. Nusu ya vijana wa Kibaha alishawaua kwenye skrini huku akitafuna karanga, na Hamza alikuwa miongoni mwa marehemu.

"Ijumaa ndiyo mwisho," Zubeda aliongeza. "Kama huwezi, sema. Yule wa Kwala aliahidi mashine kubwa kuliko hii."

"Mwache alete!"

"Nilimkataa. Nafasi nimekupa wewe. Usinifanye nijute."

Ipyana akacheka. "Kumbe siku hizi hata kuingia kwenye timu kuna kiingilio?"

Zubeda akalirudia boksi la pawa saplai. Hamza alikuwa fundi umeme wa Mzenga, kule ndani Kisarawe, na jasho lake la mwaka mzima, la kutandaza nyaya kwenye dari za watu, lilikuwa linaishia kwenye kaunta hii. Asipoikamilisha mashine, nafasi imekwenda. Aliitaka nafasi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na alichukia kwamba kila mtu mle dukani alikuwa anaona.

Zubeda na shangazi yake walipotoka kutafuta maji ya kunywa, Hamza akainama juu ya kaunta.

"Kaka, nitolee ile iliyotumika. Itie kwenye boksi jipya."

"Atajua."

"Atajuaje? Wewe itie."

Ipyana aliguna, akaitia.

Zubeda aliporudi alifungua boksi, akaitoa kadi, akapuliza feni yake. Vumbi likamrukia usoni. Alibaki ameishika hivyohivyo, macho yakijaa machozi ya hasira.

"Wewe huna aibu," alimwambia Ipyana. Kisha akamgeukia Hamza. "Nimekuomba kitu kimoja. Kimoja! Hata hatujaanza, unanidanganya. Tukishaanza itakuwaje?"

"Nimebanwa, Zubeda! Huoni nimebanwa?"

"Si ungesema! Mdomo huna?"

Bi Sikuzani akasimama, akatundika mkoba begani. "Twende, mwanangu. Na wewe kijana, Ijumaa usijisumbue. Kuchagua ni haki yake, na wewe umeifanyia mchezo."

"Shangazi, nakuomba, subiri kwanza."

Walikuwa wameshafika mlangoni. Hamza alihisi hasira zake zote zikigeuka na kumrudia mwenyewe. Mjinga gani anapoteza kila kitu kwa ajili ya kadi yenye vumbi? Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani, akatoa bahasha aliyoitenga kwa ajili ya nguo na viatu, akaipiga juu ya kaunta mpaka Ipyana akashtuka.

"Toa mpya! Mbele ya macho yake. Nguo nitaazima kwa kaka yangu."

"Na uongo wako?" Zubeda aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimekosa!" Hamza alifoka, kana kwamba anamtukana mtu. "Nimekosa, basi! Sitarudia."

Zubeda alirudi polepole. Aliikagua kadi mpya pande zote, akainusa, akamkabidhi Ipyana aifunge kwenye mashine. Asante hakusema.

"Uilete mwenyewe," alisema. "Na iwe inawaka."

Ijumaa mashine ilifika Tumbi kwa bajaji, Hamza akiwa ameikumbatia njia nzima, akigombana na dereva kwa kila shimo. Wanaume wa nyumba ile waliipokea bila maneno mengi, wakaipeleka chumba cha ndani alikokuwa Zubeda. Hamza akakaribishwa mkekani sebuleni. Alikaa huku amekunja uso, akisikiliza milio ya risasi za gemu kutoka ndani, mpaka ikanyamaza na Bi Sikuzani akachungulia mlangoni.

"Kadi ni mpya," alitangaza. "Ameridhika."

Baba yake Zubeda akaushika mkono wa kulia wa Hamza, akaubana sawasawa, akasema, "Nimekuoza binti yangu Zubeda kwa mahari aliyoitaja mwenyewe, kompyuta moja ya gemu."

"Nimekubali kumuoa," Hamza alijibu, bado amenuna.