Mafunjo Yameshika

"Usifungue mlango," Absalom, mpishi, alinong'ona. "Bado iko hapo."

Dolphine alichungulia dirishani. Kiboko alikuwa amesimama hatua ishirini tu kutoka jikoni, akitafuna mafunjo bila haraka.

Mwaka uliopita Dolphine alikuwa amejaza udongo kwenye kinamasi kando ya mkahawa wake wa samaki, karibu na Dunga, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, wateja wapate pa kuegesha magari. Maafisa wa mazingira wakamletea amri: aondoe udongo wote na kupanda mafunjo upya, la sivyo mkahawa utafungwa. Hakuwa na kazi nyingine. Tangu mumewe afariki, watoto watatu walikuwa wakila na kusoma kwa tilapia ya kukaanga.

Basi aliingia matopeni mwenyewe, maji yakimfika kiunoni, akapanda shina baada ya shina. Mafunjo yakashika. Yakampita kimo.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya ukaguzi.

"Gonga sufuria, itoroke," alisema.

Absalom aligonga. Kiboko aligeuza kichwa, akapiga hatua mbili kuelekea jikoni. Absalom akaacha. Wakaketi sakafuni, jasho likiwatiririka, wakisikiliza mashina yakivunjika moja baada ya jingine.

Ilipofika saa nne mnyama alirudi ziwani. Muda si mrefu gari la afisa, Mercyline, likaingia. Dolphine alimkimbilia kabla hajashuka.

"Madam, nipe wiki mbili tu. Si mimi, ni kiboko imekula. Hata jana ilikuja. Nitapanda tena, haki ya Mungu."

Mercyline alishuka. Aliinama, akapiga picha nyayo, akazifuata mpaka ukingoni mwa maji. Aliporudi alikuwa akitabasamu.

"Mama, upande huu hatujaona kiboko miaka kumi. Kama amerudi, basi kinamasi kimepona. Umefaulu."

Alitia sahihi cheti palepale, juu ya boneti ya gari. Dolphine alikishika kwa mikono miwili, akalia kama mtoto. Absalom alikuwa tayari ameenda kuwasha jiko.

Mercyline alikuwa bado anaandika. Alichana karatasi ya pili, akamnyooshea.

"Na hii ni ya mkahawa. Pole, Mama. Kiboko ameshapazoea hapa, watu hawawezi kukaa tena. Ufunge kufikia Ijumaa."