Jiko la Nyumba Nzima

Nilirudi kutoka kuchuma majani chai nikamkuta mwanangu Masese ameng'oa mlango wa chumba changu cha kulala.

"Mama, hili jiko jipya la kuni nimelichagua lipashe joto nyumba nzima. Mlango ulikuwa unazuia."

Kwetu, mwana akishatahiriwa haoni kitanda cha mama yake. Changu kilikuwa wazi mbele yake, gauni langu la kulalia juu yake.

Mkewe alivua leso yake, akaitundika mlangoni kama pazia. Mungu ambariki.

"Umeniwekea kitanda sokoni Nyakoe? Rudisha mlango!" nilimfokea Masese.

"Na magoti yako, Mama? Baridi itakumaliza. Hizo mila zimepitwa na wakati."

Nilibeba ndoo ya maji, nikafungua jiko likiwaka, nikayamwaga yote motoni.