Jina la Kaka

Mama mmoja, fundi cherehani, aliingia kwenye ukumbi mdogo wa bendi za muziki wa panki, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, akiwa amekuja kumtoa binti yake jukwaani hata kwa kumkokota. Sakafu ilitetemeka. Vijana walirukaruka, wakigongana mabega.

Mama alipofika mbele, binti alifumba macho, mishipa ya shingo ikamtutumka, akapiga ukelele kwenye maikrofoni. Aliita jina la kaka yake, ambalo tangu mazishi yake hakuna aliyethubutu kulitamka nyumbani. Ukumbi mzima ukaitikia.

Binti alipofumbua macho, akamwona mama yake. Magitaa yakanyamaza.

"Nisamehe, mama."

"Nani kakwambia unyamaze?" Mama alishika ukingo wa jukwaa. "Hebu mwite tena."