Kwa Hiari

Afisa wa uhamiaji alimsukumia Zawena karatasi na kalamu. "Tia saini, mama. Usinipotezee wakati."

Mumewe na wanawe walikuwa wakimngoja nje ya lango. Zawena alisoma taratibu hadi akafika penye maneno "kuondoka kwa hiari".

"Hiari maana yake nini, bwana?"

"Maana yake umetaka mwenyewe kurudi kwenu."

"Na nisipotaka?"

"Tutakufukuza, na hutaikanyaga tena nchi hii."

Zawena aliishika kalamu, akalikata neno "hiari" kwa mstari mnene, na juu yake akaandika "kufukuzwa". Ndipo akatia saini, herufi moja moja.

Afisa aliinuka ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. Hakuna aliyekiinua.