Achia, Ndugu Yangu

Fisi walikubali kucheza mpira na wanyama wadogo kwa sharti moja: atakayepoteza mpira ataliwa. Mpira ukamfikia Paa. Fisi wawili wakamjia mbio, naye kwa hofu akaanza kutafuta wa kumpa mpira.

Mwenzake Nguchiro alikuwa wazi upande wa kulia, akipunga mkia tu, maana aliogopa kupaza sauti, fisi wasije wakamgeukia. Ndipo sauti ya upole ikatoka nyuma ya Paa: "Achia, ndugu yangu, niko hapa."

Paa akashusha pumzi, akauachia mpira bila kugeuka.

"Ahsante," sauti ikasema. Paa alipogeuka aliona meno ya fisi wa tatu.

"Lakini umeniita ndugu," akanong'ona.

"Ungegeuka ungeniona," Fisi akajibu. "Hofu yako ndiyo iliyotufanya ndugu."